Malalamiko Kuhusu Kibandiko Kilichofunika Alama ya Hatari

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Nakala: Meneja wa Usalama wa Bidhaa, Meneja wa Huduma kwa Wateja

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: FUNDI WANGU KUPOTEZA FAHAMU KWA SABABU YA DAWA YENU YA KUTOLEA RANGI, NA JINSI NILIVYOPOKELEWA OFISINI KWENU

Natumaini barua hii inakukuta salama. Nakiri kwamba hii ni mara ya tatu kuiandika, na zile mbili za kwanza nilizichana mwenyewe, kwa kuwa maneno yaliyokuwemo hayakuwa ya mtu wa umri wangu kuiandikia ofisi.

Sina haja ya kukueleza sera ya kampuni yako kuhusu usalama wa bidhaa. Imetundikwa ndani ya fremu pale mapokezi, ikiwa na sahihi yako chini, nami nilipata muda wa kutosha wa kuisoma neno kwa neno siku niliyosimamishwa mbele yake kwa saa moja na nusu. Kifungu cha tatu kinasema kwamba kila mteja atapewa taarifa kamili za kemikali zilizomo katika bidhaa pindi atakapoziomba. Niliziomba. Naomba sasa usome nilichopewa.

Niliweka kopo juu ya kaunta, likiwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki iliyofungwa mdomo, nikamwomba afisa wa huduma kwa wateja karatasi ya taarifa za usalama wa dawa ile. Sikudai fidia wala sikupaza sauti. Afisa huyo, kijana ambaye ningeweza kumzaa, aliifungua mifuko, akabandua mfuniko, akasogeza pua na kuvuta hewa mara moja, kisha akawageukia wateja waliokuwa kwenye foleni nyuma yangu na kusema, “Mbona mimi sijaanguka, mama?” Wawili watatu wakacheka. Alipoona wamecheka akaongeza, “Huyo kijana wako asubuhi alikuwa amekula kweli?”

Saa hiyo kijana wangu alikuwa bado amelazwa.

Alikuwa akiondoa vanishi ya zamani ndani ya kabati kubwa la nguo ambalo tulikuwa tumelilaza chali sakafuni, na kwa kuwa pembe za ndani hazifikiki kwa msasa, alipiga magoti na kuingiza kichwa na mabega ndani, brashi mkono mmoja na skrepa mkono wa pili. Alifuata maelekezo yenu yote. Alivaa barakoa, kwa kuwa kibandiko chenu kinasema “barakoa ya kawaida inatosha”, na alivaa glavu za mpira, kwa kuwa kibandiko hicho hicho kinazitaja. Niliposikia skrepa ikianguka nilidhani imemponyoka, nikaendelea na kazi yangu. Ni ule ukimya uliofuata ulionifanya nigeuke. Tulimvuta kwa miguu. Glavu ya mkono wa kulia ilikuwa imelainika na kunata kama gundi, na vidole vilivyokuwa ndani yake vilikuwa vyekundu kama vilivyochovywa katika maji ya moto.

Wataalamu wako wanajua kwa nini ilikuwa vile, na kama hawajui basi sijui mnawalipia nini. Dikloromethani, kemikali iliyomo katika dawa yenu, huchemka ikifika takriban nyuzi joto 40 tu, kwa hiyo hugeuka mvuke mara tu inapopakwa. Mvuke wake ni mzito karibu mara tatu kuliko hewa, hivyo hautoki dirishani kama watu wanavyodhani, bali hushuka na kujaa katika kila kilichochimbika kuelekea chini, liwe beseni la kuogea, shimo au kabati lililolazwa. Barakoa ya kitambaa haiuzuii hata chembe, na hata ile ya kichujio cha mkaa huzidiwa mapema, ndiyo maana wanaoifanya kazi hii inavyotakiwa huvaa kifaa kinacholetewa hewa safi kwa bomba. Glavu za mpira wa kawaida hupenywa na dawa hii ndani ya dakika chache. Mtu aliyeandika “barakoa ya kawaida inatosha” hakukosea tahajia, alimwelekeza kijana wa miaka 22 aingize kichwa ndani ya sanduku la sumu.

Hospitalini daktari aliniuliza swali moja, tena kwa haraka: alikuwa anatumia dawa gani? Nilimpa kopo. Akaligeuza mara mbili. Kibandiko chenu, chenye picha ya kiti kinachong’aa, kinasema dawa imetengenezwa kwa “viyeyushi teule” na kwamba ni “salama kwa matumizi ya nyumbani”. Viyeyushi teule! Hakuna daktari anayeweza kutibu viyeyushi teule. Nikapiga namba ya dharura iliyochapishwa hapo hapo, nikajibiwa na sauti iliyorekodiwa ikiniomba nipige tena saa za kazi.

Kifaa walichombana kidoleni kilikuwa kinaonyesha oksijeni asilimia 98, na muuguzi alinipoza moyo kwamba hali si mbaya. Nilitoka nje ya chumba nikiwa na kopo mkononi, na hapo ndipo nilipoona kwamba tone la dawa yenu lilikuwa limechuruzika ubavuni na kuyeyusha gundi, na kona ya kibandiko imejikunja. Nikaivuta kwa ukucha. Chini yake palikuwa na kibandiko kingine, kile cha kiwandani, chenye almasi ya mpaka mwekundu, na ndani yake kivuli cha mtu aliyepasuka kifua mfano wa nyota. Pembeni palikuwa na jina la kemikali, ambalo nilimsomea daktari herufi kwa herufi kupitia mlango uliokuwa wazi.

Alibadilika pale pale na kuagiza damu ipimwe kaboni monoksidi. Alinieleza baadaye, kwa upole kuliko ilivyostahili siku ile, kwamba mwili huigeuza dikloromethani kuwa kaboni monoksidi, gesi ile ile inayoua watu waliolala na moto wa mkaa katika chumba kilichofungwa. Kwamba huendelea kuitengeneza hata baada ya mgonjwa kutolewa kwenye mvuke. Na kwamba kile kifaa cha kidoleni hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba gesi hiyo. Kwa maneno mengine, ile asilimia 98 ilikuwa haituambii kitu, na bila jina lililokuwa chini ya kibandiko chenu huenda tungerudi naye nyumbani jioni ile. Alinitafsiria pia sentensi iliyokuwa chini ya jina hilo. Ilisema kwamba bidhaa ni kwa matumizi ya viwandani na ya wataalamu walioidhinishwa tu.

Sasa nisikilize vizuri. Siwalaumu kwa kutojua, kwa kuwa asiyejua habandiki kitu juu ya onyo. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2009 kwamba dawa za kutolea rangi zenye kemikali hii zisiuzwe kwa wanunuzi wa kawaida. Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani lilipiga marufuku kuiuzia umma kwa kazi hiyo mwaka 2019, na mwaka 2024 likapanua katazo hadi kwenye matumizi mengi mengine. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi la 2A, yaani kemikali ambazo yaelekea husababisha saratani kwa binadamu. Mfumo wa Umoja wa Mataifa wa alama za kemikali, ule wenye zile almasi nyekundu, umekuwepo tangu mwaka 2003, na karatasi ya taarifa za usalama inayotokana nao ina sehemu 16, ya nne ikiwa ni ya huduma ya kwanza, ambayo ndiyo niliyokuwa nikiitafuta usiku ule. Mkataba namba 170 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1990 unamtaka msambazaji wa kemikali aweke lebo sahihi na atoe karatasi hiyo. Hayo yote yapo katika mafaili ya idara yako, maana mzigo mmeununua kutoka kwa wanaoyafuata. Walioutengeneza waliweka onyo, nanyi mkaajiri watu wa kulifunika.

Wala sijagusa ushauri wenu wa kumwaga mabaki “kwenye mfereji na kusuuza kwa maji mengi”. Dawa hii ni nzito kuliko maji. Ikiingia ardhini huzama hadi kwenye maji ya chini, na huko hakuna brashi ya kuitolea. Na uchafu unaokwanguliwa kwenye samani za zamani mara nyingi una madini ya risasi yaliyokuwa katika rangi. Miaka miwili nimemwaga kama mlivyonielekeza, na hilo ni deni langu kwa majirani zangu ambalo nimelichukua kwa kuwaamini ninyi.

Lakini narudi kwenye kaunta, kwa kuwa usingizi wangu unaishia pale kila usiku. Nimeshakueleza kwamba afisa wako alinusa na kucheka. Sikukueleza alichofanya baadaye, na nilipochana zile barua mbili ni kwa sababu nilifika hapa mkono ukaanza kutetemeka. Aliponiuliza kama kijana alikuwa amekula, sikumjibu. Niligeuza kopo ili aione ile kona iliyobanduka, nikaweka kidole changu juu ya yule mtu aliyepasuka kifua, nikamwambia, “Mwanangu, soma hapa.” Aliangalia. Nina hakika alisoma, kwa sababu kicheko kilimtoka usoni. Kisha, bila kusema neno, akaushika mkono wangu na kuusogeza pembeni, akakivuta kibandiko chenu kurudi mahali pake, na akakilaza kwa dole gumba, taratibu, kutoka katikati kwenda ukingoni, kama mtu anayenyoosha mkunjo wa shati, hadi almasi ile ikapotea yote. Akanisukumia kopo. Akasema naweza kupewa jingine jipya bila malipo nikiwa na risiti.

Kopo jingine, Ndugu Mkurugenzi. Kijana amelala na bomba la oksijeni puani, nami naahidiwa kopo jingine.

Meneja wake alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale. Alitazama kidole gumba kile kikipita, kisha akatazama simu yake.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuomba mambo mawili tu: karatasi ya taarifa za usalama, na barua ya kumwomba radhi fundi wangu, iliyoandikwa kwa jina lake na kutiwa sahihi na wewe mwenyewe. Bado nayataka. Nataka pia gharama zote za matibabu yake, pamoja na vipimo vya moyo na ini ambavyo daktari ameagiza virudiwe, na ujira wa siku zote ambazo hatafanya kazi. Na kadiri ninavyoandika naona hayo hayatoshi, kwa sababu makopo kama lile yako kwenye rafu hivi sasa, na kesho kuna mtu atapiga magoti mbele ya kabati lake mwenyewe akiwa hana mtu wa kumvuta miguu. Kwa hiyo nataka makopo yote yaondolewe madukani, tangazo litolewe kwa umma likitaja kemikali kwa jina lake, na kila aliyenunua aelekezwe namna ya kuyarudisha bila kuyamwaga. Usinijibu kwamba mtabandika kibandiko kipya. Vibandiko vyenu nimeviona.

Nilikuwa nimepanga kukupa siku 14. Nimesoma tena nilichoandika juu ya lile dole gumba, nami nakupa siku 7, kuanzia siku utakayosaini kupokea barua hii. Zikipita bila jibu la maandishi, jalada lote litakwenda kwa mamlaka inayosimamia kemikali, kwa wakaguzi wa usalama mahali pa kazi na kwa wakili wangu, ambaye tayari ana picha za vibandiko vyote viwili, cheti cha daktari na matokeo ya damu. Litakwenda pia kwa kiwanda kilichowauzia, kwa sababu nadhani watapenda kujua onyo lao linafanyiwa nini likishafika kwenu. Na kama kuna mtu katika idara yako ya sheria anayefikiria kuniletea hati ya kutia sahihi ili ninyamaze kwa kubadilishana na malipo, mwambie asipoteze karatasi.

Jana kampuni yako ilinipigia simu, kwa mara ya kwanza tangu haya yatokee, ikiomba kutuma dereva aje kulichukua kopo “kwa uchunguzi wa ndani”. Kopo halitoki. Limefungwa katika sanduku la chuma nje ya karakana, mbali na jua na mbali na watu, na kibandiko chenu nimekibandua chote.

Wako katika kusubiri,

Mwenye karakana ya samani, mteja wenu wa miaka miwili