Tutengeneze valvu moja ya gitaa Arusha

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Mimi ni fundi redio, nina miaka 69, karakana yangu ipo Majengo, Moshi. Redio zenyewe siku hizi haziji tena. Zinakuja amplifaya za makanisa na za bendi chache zilizobaki, na mara moja moja inaletwa ya valvu, zile taa za kioo zinazokuza sauti, zinazowaka rangi ya chungwa kwa nyuma na kuunguza vidole vya asiyezijua.

Wiki mbili kabla ya Pasaka, kijana mpiga solo wa kwaya moja aliniletea amplifaya ya gitaa, Vox AC30, ambayo usharika wao uliachiwa na mmisionari. Alikuwa amejaribu mwenyewe kuchomoa valvu na kuirudisha. Sasa, EL84, aina ya valvu iliyomo humo, ina vijiti tisa vyembamba vinavyotoka moja kwa moja kwenye kioo cha kitako. Kimoja kikipinda halafu mtu akasukuma kwa nguvu, kioo kinapata ufa usioonekana kwa macho.

"Shikamoo mzee. Imekufa, au itapona?"

Sikuhitaji kuchukua mita. Valvu isiyo mbovu ina doa linalong'aa kichwani kama kioo cha kujitazamia. Hiyo ni bariamu, iliyowekwa pale imeze hewa yoyote iliyosalia ndani. Doa la valvu yake lilikuwa jeupe kama maziwa ya unga. Hewa imeingia, na hapo hakuna fundi awezaye kuitibu. Nilimwambia, "Hii tuizike, mwanangu."

Duka moja liliniuzia mbili "mpya". Nilipozifikisha mezani chini ya taa nikaona maandishi ya zamani yamesuguliwa na chapa nyingine imepigwa juu, na moja haikuwa hata EL84. Ikabidi mpwa wangu aliyeko Nairobi aagize nne kutoka Slovakia, maana AC30 inatumia nne, na ni vizuri zilingane. Zilichukua wiki saba. Pasaka ikapita, kwaya ikaimba kwa kinanda peke yake, na yule kijana alikaa benchi la mbele mikono mapajani. Sijapenda kumwona vile.

Ndipo nikaanza kujiuliza: vitu hivi vinatoka wapi, na mlango ule ukifungwa itakuwaje? Viwanda vikubwa vya valvu za gitaa vilivyobaki duniani vinahesabika kwa vidole: JJ iliyopo Čadca, Slovakia; Saratov, Urusi; na vile vya China, hasa Changsha. Mwaka 2022, vita vilipoanza Ukraine, Urusi ilizuia bidhaa nyingi za kiufundi zisitoke nje. Kiwanda cha Saratov, ambacho mwenyewe ni Mmarekani, Mike Matthews, kikakwama kwa muda, na wapiga gitaa wa dunia nzima wakakimbilia madukani. Marekani kwenyewe, nchi ya Lee de Forest aliyeweka gridi, waya wa kutawala umeme, ndani ya taa mwaka 1906, kampuni ya Western Electric imerudi kutengeneza valvu huko Rossville, jimbo la Georgia, na iliyoshikilia ni aina iitwayo 300B, ya tangu 1938. Uingereza walikuwa na kiwanda kikubwa cha Mullard pale Blackburn. Kilifungwa, mashine zikatawanyika, na wale akina mama waliokuwa wakipanga vipande vidogo kwa koleo wakastaafu na ujuzi wao vidoleni.

Sisi wa kaskazini tunajua hali hiyo. Tumepita sana nje ya General Tyre, kiwanda cha matairi cha Arusha, ikiwa kimya.

Na tusiseme valvu ni habari ya wageni. Wasomaji wanaoshuka kituo cha Philips pale Arusha wajue jina hilo limetokana na kiwanda cha redio. Nilifanya kazi pale nikiwa kijana, nikilehemu. Redio tulizounganisha zilikuwa za transista, vile vipande vidogo vilivyochukua nafasi ya valvu, lakini ni kampuni hiyo hiyo, kwao Uholanzi, iliyobuni valvu za EL34 na EL84 ambazo hadi leo zinapiga magitaa ya dunia. Na Arusha ni mji wa gitaa. Wanamuziki ndugu wa Kinyonga walipiga pale na Arusha Jazz mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla ya kuvuka Kenya na kuwa bendi ya Simba Wanyika.

Ombi langu, Mhariri, ni moja. Chuo cha Ufundi Arusha na TEMDO ya Njiro, shirika la serikali la kubuni mitambo, wakae pamoja watengeneze valvu moja. Sisemi kiwanda. Nasema valvu moja ya aina rahisi, yenye kathodi, gridi na bamba, itoe sauti ya gitaa kwenye spika mbele ya watu.

Nimeifikiria kipande kwa kipande. Katikati kuna uzi wa tangsteni unaowaka, umevikwa kibomba cha nikeli. Kibomba kinapakwa kabonati za bariamu na strontiamu, ambazo zikichomwa huku pampu inavuta zinageuka oksaidi, na hiyo ndiyo kathodi, inayotema elektroni. Kuzunguka kibomba inakuja gridi, waya mwembamba kama unywele uliosokotwa juu ya nguzo mbili, halafu bamba kwa nje. Umeme mdogo wa gitaa unagusa gridi, na gridi inatawala mkondo mkubwa unaoruka kwenye ombwe, yaani nafasi isiyo na hewa, kutoka kathodi hadi bamba. Vyote vinashikwa wima na vipande viwili vya ulanga, yale madini yanayobanduka kama karatasi. Ulanga! Milima ya Uluguru imechimbwa ulanga tangu enzi za Wajerumani. Nikeli ipo Kabanga, Ngara. Na kioo, nendeni pale Shanga, Arusha, mkawaone mafundi wenye ulemavu wakipuliza chupa zilizotumika na kuzifanya glasi na mitungi. Mtu anayeweza kupuliza kioo na kukipoza polepole kwenye tanuri bila kupasuka ameshafika nusu ya safari.

Nusu iliyobaki ni ngumu, siifichi. Waya unaopita kwenye kioo lazima utanuke sawasawa na kioo chenyewe, vinginevyo kikipoa kinapasuka. Kwa kioo laini hutumika waya wenye moyo wa chuma na nikeli, umevikwa shaba, nao itabidi tuununue. Pampu ya mafundi wa friji inavuta lakini haitoshi peke yake. Inatakiwa ifuatane na pampu ya mvuke wa mafuta. Na usafi: alama ya kidole kwenye bamba inatosha kuiharibu valvu. Lakini mzee mmoja Mfaransa, mpenzi wa redio, alizitengeneza nyumbani kwake kwa mikono yake, akajirekodi video hatua kwa hatua. Mtu mmoja ameweza. Chuo kizima chenye walimu na karakana kitashindwaje?

Wapo watakaosema transista inatosha. Kwa redio, kwa spika za mahubiri, nakubali kabisa, na mimi mwenyewe naziuza. Gitaa ni jambo lingine. Valvu ikizidiwa haikati sauti ghafla, inaikunja taratibu, na noti ya solo inabaki hewani ikinguruma kwa utamu kidole kikiwa kimeshaondoka. Nimesikiliza zote mbili kwa miaka arobaini na zaidi, chumba kimoja, gitaa moja, mkono mmoja.

Faida nyingine haihusu muziki. Mwanafunzi aliyeweza kutengeneza ombwe la kweli, kuunganisha chuma na kioo na kusokota gridi kwa jicho, huyo anaweza kuhudumia mashine ya eksirei hospitalini, ambayo moyo wake nao ni kioo chenye ombwe. Leo zikiharibika tunasubiri mtu apande ndege.

Nina sanduku la valvu mbovu 43 nilizokusanya tangu nifungue karakana, pamoja na kipimio cha zamani kinachofanya kazi. Nyingine zina ufa, nyingine kathodi imechoka, chache nimezipasua taratibu ndani ya taulo ili kuona gridi ilivyosokotwa. Mwalimu au mwanafunzi yeyote wa Arusha au Moshi aje Jumamosi yoyote baada ya saa nne asubuhi. Aje na miwani ya kukinga macho, na asiguse amplifaya yoyote mezani hadi nimwonyeshe namna ya kumaliza umeme kwenye kapasita, maana volti 300 zinabaki humo hata plagi ikiwa mkononi. Sanduku nitampa aondoke nalo.

Fundi redio,
Majengo, Moshi