Mji wa Maziwa

Mwanangu,

Assalaam aleykum. Shikamoo zangu mfikishie bibi, umwambie dawa zake za presha nimeshampa mtu anayekuja Tanga mwisho wa mwezi, asianze kuazima za jirani.

Nakuandikia usiku. Bwana Mdogo amelala ubavuni mwangu, mdomo wazi, mguu mmoja juu ya tumbo langu. Nimeuondoa mara tatu, umerudi mara tatu. Hatupo Muscat. Joto la huko mwezi huu wenye uwezo hulikimbia, na tajiri wangu safari hii kaamua tukimbilie India, mji unaitwa Udaipur. Mimi nimekuja na mtoto, kama mkoba wake wa nepi.

Wiki iliyopita kwenye simu uliniambia, "Wewe mama unajua kulea watoto wa watu." Halafu chaji yako ikaisha, au ulisema imeisha. Sikukasirika. Nilitaka kukujibu kwa sauti kwenye WhatsApp, nikarekodi, nikafuta, nikarekodi, nikafuta. Ndiyo nikaomba karatasi hapa hotelini.

Tajiri aliponiambia tunakwenda mji wa maziwa, nikadhani ya kunywa. Kumbe ya maji. Na mengi yametengenezwa na watu: wamejenga matuta ya mawe kati ya milima, mvua zikaja zikajaza. Hili tunaloliona dirishani ni Pichola, lilianza mwaka 1362, na aliyejenga tuta la kwanza, wanasema, alikuwa msafirisha nafaka tu wa watu wa Banjara. Mji wenyewe ulikuja karibu miaka 200 baadaye. Sasa hivi ni msimu wa mvua, maji yamejaa mpaka kwenye ngazi za mawe, na asubuhi wanawake wanashuka hapo kufua. Wanazipiga nguo kwa kipande cha ubao, pa, pa, pa, na mlio unakwenda unagonga ukuta wa kasri ng'ambo na kurudi. Nimewatazama sana hao. Kasri nimelitazama pia, ndilo tulilolipia.

Katikati ya ziwa kuna jumba jeupe limekaa juu ya maji kama meli isiyoondoka. Maharana Jagat Singh wa Pili alilijenga kati ya 1743 na 1746 liwe pa kupunga upepo, na tangu 1963 ni hoteli. Hatukulala huko, bei yake hata tajiri aliguna. (Maharana ndiyo mfalme kwa watu wa hapa, Warajput wa Mewar, ndilo jina la ufalme wao wa zamani. Ukisema maharaja wanakusahihisha.) Mvua ikigoma miaka mfululizo ziwa hukauka, na jumba lote lile la kifahari linabaki limekaa kwenye tope. Na juu ya kilima kuna kasri jingine, Sajjangarh, la mwaka 1884, wanasema mfalme alilitaka ili atazame mawingu ya mvua yakija. Sisi mawingu tunayatazama bure kutoka uani kwa bibi.

Tulipanda boti hadi kisiwa cha pili, Jag Mandir, penye tembo wa mawe wamesimama safu kwenye gati. Hapo alifichwa mwana wa mfalme wa Wamughal, hao waliotawala sehemu kubwa ya India zamani, jina lake Khurram, alipomwasi baba yake. Baadaye akaitwa Shah Jahan, huyo huyo aliyejenga Taj Mahal. Bwana Mdogo hakujali chochote isipokuwa mikonga ya wale tembo.

Maneno yao mengine utayashika bila kufundishwa. Gari, laki, pesa, unayasikia njiani unageuka ukidhani umeitwa. Siku ya kwanza mhudumu wa mapokezi alinitazama, akamtazama mtoto, akamuuliza tajiri, "Aaya?" Nikaitika mwenyewe. Yaya, ndiyo.

Sasa nisikilize, maana hili ndilo lililoniandikisha.

Jana tulikuwa kwenye kasri kubwa la mjini. Tumepanda ngazi nyembamba, tumeona tausi waliotengenezwa ukutani kwa vipande vya vioo vya rangi, nimembeba huyu mgongoni kwa sababu kakataa kutembea. Mwongozaji akatusimamisha akatuhadithia habari ya Panna. Panna Dhai. Dhai ni mnyonyeshaji, mlezi, yaya wa nyumba ya mfalme.

Mji wao mkuu wakati huo ulikuwa ngome ya Chittor. Mwaka 1535 jeshi la Bahadur Shah, sultani wa Gujarat, lilivunja ngome, na malkia Karnavati akaingia motoni na wanawake wenzake kuliko kutekwa. Mwanawe mdogo, Udai, akabaki mikononi mwa Panna. Mwaka uliofuata ndugu mmoja wa ukoo, Banvir, akamuua mfalme usiku, akashika njia ya chumba cha Udai na upanga ungali na damu. Mtumishi akatangulia kumwambia Panna. Panna alikuwa na mwanawe mwenyewe, Chandan, amelala humo humo. Akamtia Udai kwenye kikapu, akamfunika majani, kikapu kikatoka kimebebwa kama taka. Akamchukua Chandan, akamvisha nguo za mwana wa mfalme, akamlaza kwenye kitanda cha mwana wa mfalme. Banvir akaingia akauliza, yuko wapi? Panna akaonesha kwa kidole.

Mbele ya macho yake.

Kisha akatoka na mtoto wa watu, ngome hii wanamkataa, ngome ile wanamkataa, mpaka Kumbhalgarh, penye ukuta wa kilomita 36, mwangalizi wa huko akakubali kumficha. Mwaka 1540 Udai akatawazwa. Mwaka 1559 akaanzisha mji huu akaupa jina lake, na Akbar, mfalme wa Wamughal, alipoiteka Chittor mwaka 1568, Udai alikuwa na pa kukaa huku milimani. Kwa hiyo mji wote huu, maziwa, makasri, boti, hii hoteli na karatasi ninayoandikia, vimekaa juu ya kitanda kile.

Watu wote kimya. Tajiri wangu akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, akanigeukia: "Umesikia?" Nimesikia. Mimi sikulia, mwanangu. Mimi nilipata hasira, na sikujua ya nani. Wanamsifu Panna kwa utiifu, wanamsifu mpaka kesho. Hakuna aliyeuliza Chandan alipenda kula nini.

Nikauliza swali la hesabu, maana unajua mimi hesabu zilikuwa zangu kabla ya mambo kuharibika. Udai alizaliwa lini? Mwongozaji akasema 1522. Na usiku ule ulikuwa mwaka gani? Akasema 1536. Nikamwambia, basi huyo alikuwa na miaka 14. Mtu wa miaka 14 anaingiaje kwenye kikapu cha taka? Yule bwana akatikisa kichwa kama wanavyotikisa wao, ndiyo na hapana kwa pamoja, akacheka. "Kwenye hadithi," akasema, "yeye bado ni mdogo."

Mwezi wa kumi na wewe unatimiza 14.

Nikashuka zile ngazi na huyu mgongoni nikiwaza stendi ya Tanga. Wewe una miaka mitano, una gauni la njano, bibi kakushika mkono. Nimekuja likizo mara tatu tangu hapo, nimekuona ukirefuka, nimekusuka kwa mikono yangu. Lakini nikifumba macho huku ni gauni la njano. Kila nikifumba.

Nisikudanganye kwamba huyu simpendi. Ana miaka mitatu, akiota ndoto mbaya ananiita mimi, wala si mama yake, na mama yake analijua hilo na linamuuma. Mshahara wangu ndio ada yako na bati za bibi, hayo unayajua na sitayarudia. Wewe nilikunyonyesha miaka miwili kamili, nikaja huku kumlea wa mwenzangu, na ulichosema kwenye simu ni kweli. Ila nataka ujue jambo moja. Kama Banvir angeingia humu usiku huu na upanga wake, na ninyi wawili mmelala, kikapuni ningekutia wewe, na urefu wako wote, miguu ikining'inia nje. Huyu ningemsukumia mvunguni. Kitandani angenikuta mimi.

Leo jioni tulikwenda sokoni, karibu na hekalu la Jagdish. Tajiri kapita kununua vitambaa, mimi nikaingia kibanda cha viatu. Hapa wanashona viatu vya ngozi vinaitwa mojari, ncha imepinda juu kidogo, vimetariziwa kwa nyuzi, na havina kulia wala kushoto, mguu wako ndio unavifundisha. Nikachagua jozi nyekundu yenye maua ya kijani. Muuzaji, mzee ana miwani imefungwa uzi, akauliza ni ya nani. Nikasema ya binti yangu. Ana miaka mingapi? Nikaonesha kwa vidole, kumi, kisha vinne. Akakichukua kile kiatu mkononi mwangu, akakipima kwenye kiganja chake. Hakikujaa kiganja. Hakucheka. Alikirudisha kwenye rafu akaniletea vingine, vikubwa, vitatu vitatu, hiki, hiki, au hiki? Mimi nimesimama.

Nikamwambia nitarudi.

Basi ukipata picha ya barua hii kwenye simu ya mjomba wako, leo hiyo hiyo chukua karatasi ya daftari, iweke sakafuni, usimame juu yake. Usikae, mguu ukisimama hutanuka. Bibi aizungushe kalamu pole pole, akilalamika mgongo asubiriwe. Mjomba apige picha na rula pembeni niione namba. Tunaondoka Alhamisi mchana, na yule mzee anafungua saa nne.

Mama yako