Picha za Makalia msifute, hata zile kavu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nizungumzie maporomoko ya Makalia, yale yaliyo ndani ya mbuga ya Ziwa Nakuru, kwa sababu siku hizi kila nikifungua simu nakutana na mtu analalamika ati amelipa kiingilio, amezunguka mbuga yote mpaka kule mwisho upande wa kusini, halafu amepata jiwe tupu. Wengine wanasema walidanganywa na picha. Picha ni za kweli, mimi ni mpiga picha hapa Kaptembwa na nimepiga nyingi pale, shida ni kwamba sote tunaonyesha Makalia ya Mei na hakuna anayeonyesha ile ya Februari.

Hata mimi yalinipata. Kuna maharusi walitaka picha za ukumbusho penye maji, nikawaambia twendeni Makalia, ni hapa tu, hakuna haja ya kulala hoteli. Tukachanga pesa ya gari maana matatu haziingii kule na bodaboda hairuhusiwi, kiingilio tukalipa kwa simu, asubuhi na mapema tukawa getini. Tulipofika bibi harusi akashuka gauni ameishika kwa mikono miwili lisiguse vumbi, akatembea mpaka ukingoni, akaangalia chini, akaniuliza, "Sasa maji iko wapi?" Chini kulikuwa na kidimbwi kimoja kimeota ukijani, na kwenye ukuta wa jiwe ile alama nyeusi ya mahali maji hupita, kama masizi nyuma ya jiko la kuni. Tukiwa bado tumesimama hivyo nyani akapanda boneti akaondoka na mfuko wetu wa mandazi. Niliwarudishia nusu ya pesa yao, na lile swali la bibi harusi sijalisahau mpaka leo.

Nikarudi Mei peke yangu, na hapo nilisikia maji kabla sijayaona. Makalia si refu, ukilinganisha na Thomson's Falls kule Nyahururu yenye mita 74 hili ni dogo sana, lakini unalifikia karibu, gari linakuacha hatua chache tu na hata mama mzee anaweza kusimama pale akarushiwa manyunyu usoni. Kwa hivyo anayetaka maji asubiri masika ikolee, na achague siku ya mawingu, kwa maana jua la saa sita linafanya povu lote liwe jeupe kama karatasi, huoni hata uzi mmoja wa maji. Simu nyingi siku hizi zina mahali pa kupunguza kasi ya picha, weka kama nusu sekunde, iegemeze kwenye jiwe juu ya leso iliyokunjwa, weka taima ndiyo kidole kisiitikise, na upanguse lenzi kila mara. Chakula acha ndani ya gari na vioo vimefungwa.

Lakini mara ya tatu nilienda siku moja baada ya mvua kubwa, na picha niliyopata ndiyo imenifanya niandike barua hii. Maji yalikuwa mengi kuliko Mei, rangi yake chai ya maziwa kabisa, mazito, yanaporomoka na vijiti na mizizi. Ule ni udongo wa shamba la mtu. Mto Makalia unashuka kutoka Mau, na mwaka wa 2001 serikali ilimega zaidi ya hekta 35,000 kutoka msitu wa Mau Mashariki, zaidi ya nusu ya msitu huo. Msitu ukiwa mzima mvua inanyonywa na ardhi halafu inatolewa polepole, mto unapata kitu hata wakati wa kiangazi. Ukishafyekwa mvua inashuka yote kwa mara moja pamoja na udongo wake, na baada ya hapo jiwe linakauka. Najua kuna watakaosema ziwa limejaa mpaka likameza geti la zamani, sasa maji yamekosekana wapi. Ziwa Nakuru halina mahali pa kutokea, likipokea limepokea, maji na tope vyote vinabaki mle, kwa hivyo kujaa kwake hakukuambii kwamba mto ni mzima.

Ndiyo maana nawaomba wenzangu tunaoenda pale na simu na kamera, tusifute zile picha mbaya. Ukikuta pamekauka piga. Ukikuta maji ya tope piga, simama palepale uliposimama mara ya kwanza, na uandike tarehe. Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021 na hatujaweka mahali popote kumbukumbu ya mto huu ambayo mtoto wa shule anaweza kuiangalia akaelewa. Wasimamizi wa mbuga wangetusaidia sana wakisimika hata nguzo moja tu ya mbao pale ukingoni, yenye kibao cha kuwekea simu, kila mgeni apige kutoka hapo hapo mwaka mzima. Na wale wenye albamu za zamani nyumbani, najua kuna familia nyingi hapa zilizoenda pikniki Makalia miaka ya themanini na tisini, geuzeni picha muangalie nyuma kama tarehe imeandikwa, na mseme ilikuwa mwezi gani na maji yalikuwaje.

Gazeti likikubali kutenga hata kona moja ya kuzichapisha, mimi zangu tatu ziko tayari, ya Februari, ya Mei na ile ya tope, nitazileta mwenyewe.

Mpiga picha,
Kaptembwa, Nakuru