Barua ya wazi kwa mpwa wangu, juu ya ile picha ya korona

Mpwa wangu,

Picha uliyoiweka juzi kwenye grupu la ukoo nimeiona. Korona, kile kiwanda cha mkonge, imebaki kuta tupu, mabati yameng'olewa, na mti umeota palipokuwa na mashine. Chini yake umeandika: "Azimio la Arusha ndilo lililoiua Tanga. Enzi za dhahabu ya kijani, mkonge wetu, hazirudi tena." Watu wakakuwekea dole, wengine vikaragosi vya machozi. Mama yako akaweka moyo. Mimi nikanyamaza, maana kubishana na mtoto wa dada mbele ya wakwe hakupendezi. Nimeona heri niandike hapa, jina lako nisilitaje. Hukuwa peke yako kusema hivyo. Vijana wengi wa Tanga walioko Dar nawasikia na wimbo huo huo.

Nianze na korona, maana naona hata wewe uliyeipiga picha hukuwahi kuisikia ikinguruma. Korona ni jina la ile mashine yenyewe ya Kijerumani, jengo zima likaitwa hivyo hivyo. Majani ya mkonge yalikuja kwa troli kwenye vireli vyembamba, yamefungwa matita ya majani 30. Watu wanayafungua, wanayapanga ubavu kwa ubavu, mnyororo unayavuta ndani. Ngoma ya kwanza yenye visu butu inakwangua nusu ya jani, ngoma ya pili inamalizia nusu iliyobaki, na maji yanamwagika muda wote kama masika. Ndiyo maana korona nyingi utazikuta karibu na mto. Inayotoka upande wa pili ni singa, yaani nyuzi za mkonge, mbichi, ina ukijani wa mbali. Katika tani nzima ya majani unapata kilo 40 hivi za singa. Yote yaliyobaki ni maji na makapi, na harufu yake, mwanangu, ilikuwa inakupokea kabla hujaona hata bomba la moshi.

Singa zinaanikwa kwenye nyaya hadi jua lizing'arishe. Bibi yako alikuwa kwenye kuanika. Utomvu wa mkonge unawasha, na kwa miaka mikono yake ilikuwa na ukurutu ambao mafuta ya nazi hayakuuondoa. Kutoka hapo ni chumba cha brashi, singa zinakosuguliwa, ambako vumbi lilikuwa zito mno. Waliokaa humo miaka mingi uliwajua kwa kikohozi. Halafu singa zinachambuliwa kwa urefu na rangi, zinashindiliwa kuwa robota la kilo 250, zinapanda treni kwenda bandarini. Meli kubwa zilisimama mbali majini, marobota yakafuatwa huko na matishari.

Sasa hiyo dhahabu, ilikuwa ya nani?

Babu yako hakuwa mtu wa Tanga, hilo unalijua. Alitoka Ubena, huko Njombe, akiwa kijana, akaandikishwa na Silabu, ile ofisi ya wenye mashamba ya kukusanya vibarua, iliyoanza miaka ya 1940. Waliletwa Wabena, Wahehe, Wangoni, Waha, Warundi, na Wamakonde waliovuka Ruvuma. Kila mmoja alipewa namba, na kutokana na hizo namba wakaitwa manamba. Wewe leo ukimwita mwenzako manamba anacheka. Babu hakuwahi kucheka.

Alfajiri iligongwa reli iliyoning'inizwa mtini, watu wakatoka na mapanga gizani. Siku ya kazi ilikuwa ni matita uliyopangiwa: ukiyamaliza mnyapara anakutia alama kwenye kipande, kadi yako ya kazi, usipoyamaliza hujafanya kazi siku hiyo hata kama umeshinda shambani. Kipande kilikuwa na nafasi 30. Siku 30 za kazi, si za kalenda. Ukiumwa homa siku 6, mwezi wako ulirefuka siku 6, na mshahara ulikusubiri huko mbele. Babu alikuwa na kovu chini ya jicho la kushoto. Ncha ya jani la mkonge ni mwiba mgumu kama msumari, na gizani huoni unakoinamia.

Wenye mashamba walipopata, walipata kweli. Vita vya Korea vilipandisha bei hadi ikapaa mwaka 1951, na majumba kadhaa unayoyasifia ya Wazungu, Wagiriki na Wahindi yana jasho la miaka ile ndani yake. Vibarua walijua. Mwaka 1958 waligoma kwenye shamba la Mazinde, mgomo ukachukua wiki nyingi. Uhuru nao haukumaliza maneno: Victor Mkello, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mashamba, mwaka 1963 serikali yetu wenyewe ilimpeleka Sumbawanga akae huko mbali na wafanyakazi wake. Kwa hiyo usiniambie watu walikuwa na raha mpaka Azimio likaja likaiharibu.

Tuje kwenye huyo muuaji. Mwaka 1964 nchi hii ilitoa kiasi cha tani 230,000 za mkonge, hakuna aliyetufikia duniani. Mwaka huo huo bei ikaanza kuteremka. Azimio, lililofanya serikali itwae mashamba mengi, ni la 1967. Hesabu mwenyewe. Wateja wetu wakubwa walikuwa wakulima wa Ulaya na Marekani waliofungia nyasi kavu za mifugo kwa kamba za mkonge. Ikaja kamba ya plastiki, nyepesi, haiozi, rahisi. Brazili nayo ilikuwa imeshaingia na mkonge wake. Mashamba mengine yalianza kupunguza watu na kuacha kupanda upya kabla serikali haijagusa hata shamba moja.

Hapo hapo sitaki uniweke upande wa kulitetea Azimio kwa kila kitu. Mkonge unakaa takriban miaka 3 ndipo uukate mara ya kwanza, na ukishatoa mlingoti, ile nguzo ndefu ya maua, umekwisha. Usipopanda leo, shimo lake utaliona baadaye sana. Mashamba ya serikali yalikata zaidi ya yalivyopanda, vipuri vikawa vya kuomba kibali, na meneja akaletwa kwa barua bila kujua jani lililokomaa ni lipi. Hilo nimeliona kwa macho, kwenye shamba nililofanya kazi ya ukarani miaka 4: mkanda wa mashine ulikatika, tukaungojea mwingine miezi, majani yakakaukia shambani. Jani likishakatwa halingoji. Likikauka, singa haitoki vizuri. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi nzima ilikuwa inatoa tani 20,000 hivi. Basi walioiangusha ni wengi, na aliyeanza kusukuma si huyo unayemtaja.

Kuna utani wa zamani, Tanga waja leo waondoka leo. Babu alikuja kwa mkataba akanuia kurudi Njombe na ng'ombe wawili. Bei iliposhuka na kambi zikafungwa hakuwa na nauli wala ng'ombe. Akaomba kipande cha ardhi pembeni ya shamba, akapanda mahindi. Sisi sote tumetoka kwenye lile pori la mahindi, wala si kwenye korona.

Na hapa umenoa zaidi: unasema hazirudi. Siku hizi wanaolima mkonge ukishuka Hale, Magoma, Ngombezi, wengi ni wakulima wadogo, wana eka zao na vyama vyao vya ushirika. Shangazi yako ana eka 5, haibridi ile ya namba 11648 iliyotoka Mlingano, kwenye kituo cha utafiti wa mkonge. Analalamika kila simu. Tatizo lake si bei. Amekata majani na zamu yake ya korona haijafika. Korona ni chache, wakulima wameongezeka. Wewe unalilia ukuta wa korona iliyokufa, yeye anatafuta iliyo hai.

Picha usiifute, ni nzuri. Maneno tu ndiyo yabadilishe. Kipande cha babu kipo kwa shangazi, kwenye mkebe wa biskuti, pamoja na hati ya shamba. Kimechakaa lakini namba inasomeka. Ukija Desemba shuka Korogwe, nipigie, nitakuja na pikipiki. Vaa suruali nzito na viatu vya kufunika. Tutaanzia shambani kwake kabla jua halijawa kali.

Mjomba wako