Ulimi nao ufanyishwe mazoezi

Mhariri,

Mtu aliyepata kiharusi akianza kupaliwa na maji, wengi wetu humwambia tu anywe polepole. Kumbe huenda ulimi umelegea. Ndio unaobana tonge kwenye kaakaa na kulisukuma kooni. Ukikosa nguvu, chakula husalia mdomoni, na kingine huweza kuteleza hadi mapafuni na kuleta nimonia.

Zoezi lenyewe halina gharama: bana ulimi kwenye kaakaa kwa nguvu, shikilia sekunde chache, pumzika, rudia. Au sukuma kijiko kwa ncha ya ulimi. Linachosha kuliko linavyoonekana! Huchukua wiki kadhaa ulimi kupata nguvu, ila mtaalamu wa tiba ya usemi na umezaji ampime mgonjwa kwanza, maana si kila anayepaliwa tatizo lake ni ulimi.

Msomaji wako