Kabla Hamjapanda Ndege: Barua kwa Wanafunzi Mnaokwenda Leipzig

Wanangu,

Nimesikia kwamba mwezi wa tisa mnaondoka kwenda Leipzig kwa muhula mmoja, na kwamba wenzenu wa huko wanaosoma Kiswahili watakuja kukaa nasi mwezi wa pili. Mmoja wenu, ambaye mama yake ni jirani yangu hapa Lindi, alinionyesha ratiba ya maandalizi: visa, bima ya afya, nguo za baridi, mazoezi ya ngoma siku mbili kwa wiki. Yote ya lazima. Lakini kuna jambo sikuliona humo, na kwa kuwa linawahusu nyote nimeona nisimwite kijana yule pembeni, bali niwaandikie hadharani.

Mimi nilikwenda Leipzig mwaka 1974. Ilikuwa Ujerumani Mashariki bado, na chuo kikuu kiliitwa kwa jina la Karl Marx. Mwaka wa kwanza tuliwekwa Taasisi ya Herder kujifunza Kijerumani, sisi na vijana wa Vietnam, wa Chile, wa Syria, kisha nikaanza kusomea kilimo cha nchi za joto. Majira ya baridi mji mzima ulinuka moshi wa makaa ya mawe. Kola ya shati ulilovaa asubuhi ilikuwa nyeusi kabla ya jioni.

Kila mwaka kulikuwa na jioni ya urafiki, na kila mwaka sisi Watanzania tuliombwa tucheze. Tulicheza sindimba. Mimi ni Mngindo wa Liwale. Sindimba nilifundishwa kulekule bwenini na mwenzangu Mmakonde. Tulipigiwa makofi mengi, tukapigwa picha. Kesho yake kwenye foleni ya chakula hakuna aliyetuuliza neno, wala sisi hatukumuuliza mtu. Miaka miwili ikapita hivyo. Nilijua majina ya Wajerumani wengi na sikujua habari ya hata mmoja.

Aliyeuvunja ukimya huo alikuwa mwenzangu wa chumba, kijana aliyekuwa anasoma historia. Usiku mmoja aliniuliza, "Kwenu ni Liwale. Boma la Liwale lilichomwa 1905, mwanzoni mwa Maji Maji. Bibi yako alikuwa wapi?" Alikuwa amesoma mafaili ya serikali ya kikoloni yaliyokuwa yamehifadhiwa Potsdam. Alijua jina la ofisa, alijua mwezi. Mimi niliyelelewa mkononi mwa bibi huyo, niliyelala naye kitanda kimoja hadi nikaanza shule, sikuwa na la kumjibu. Sikuwahi kumuuliza.

Nilimwandikia. Barua ilikwenda, ikakaa, na baada ya miezi miwili na nusu likaja jibu kwa mwandiko wa mpwa wangu aliyekuwa darasa la saba. Bibi alisema vita hakuviona, alichokiona ni njaa. Alisema vihenge vilichomwa moto na mahindi yakiwa ndani. Alisema walichimba ming'oko porini mchana wakaipika usiku, kwa sababu moshi wa mchana ungewaonyesha askari walipo. Kaka yake mkubwa alitumwa kutafuta chumvi, hakurudi. Mwisho akauliza kama huko niliko nakula nikashiba.

Mwenzangu aliomba niisome barua ile kwao, kijijini nje kidogo ya mji. Nieleze kwanza chakula cha siku ile, maana na nyinyi mtakutana nacho. Tulitengewa mkate mweusi, jibini, soseji na matango ya siki. Nikakaa nikisubiri chakula chenyewe kije, hakikuja, nami nikaumia moyoni nikidhani ndiyo namna ya kumwonyesha mtu mweusi kwamba hatakiwi. Kumbe Wajerumani wengi chakula chao cha jioni ndicho hicho, mkate na vitu baridi, na walinipa kile wanachokula wenyewe. Kuhusu soseji nilisema wazi kwamba nguruwe sili. Mama wa nyumba aliondoka mezani, akarudi na mayai ya kuchemsha, na tangu siku ile kila nilipofika nilikuta mayai. Semeni mapema msichokula. Ukinyamaza ukakiacha kwenye sahani, mwenyeji hatajua kama ni dini au ni dharau.

Basi nikaisoma barua, naitafsiri sentensi kwa sentensi. Nilipofika kwenye ming'oko sikuwa na neno la Kijerumani, nikasema mizizi ya porini. Yule mama akaweka kisu chini. Akasema majira ya baridi ya 1946 kuingia 1947 yeye alikuwa na watoto wawili wadogo, mume hajarudi vitani, na alikuwa akichemsha maganda ya viazi aliyookota. Mwanawe, mwanafunzi wa historia, alikuwa hajawahi kuyasikia. Alinigeukia akaniangalia, nami nikaona kwamba tumefanana: yeye aliijua njaa ya bibi yangu kutoka kwenye mafaili na hakuijua ya mama yake.

Urafiki wetu ulianzia pale, na haukukatika hadi alipofariki.

Wanangu, hilo ndilo sikuliona kwenye ratiba yenu. Ngoma chezeni kama ni zenu na mnazipenda. Lakini mtakaa miezi mitano na watu wanaouliza. Wengine watakuwa wameisoma Tanzania kuliko mlivyoisoma nyinyi. Watakuuliza kwa nini jina lako ni hilo, nani alikupa, babu yako alilima nini, kwa nini watu wa kwenu huzika hivi na si vile. Ukijibu kwa yale ya vipeperushi vya watalii, Kilimanjaro na Serengeti, mazungumzo yatakwisha siku ya tatu.

Na nyinyi ulizeni. Leipzig ya leo ina mambo ambayo wazee wake wanayabeba kimya. Mwaka 1989 watu walitoka Kanisa la Nikolai kila Jumatatu wakajaza barabara bila silaha wakidai uhuru, na mwaka uliofuata nchi waliyozaliwa, ile Ujerumani Mashariki, ikawa haipo tena. Wako waliofurahi, wako waliopoteza kazi wakiwa na miaka hamsini. Mwenye nyumba wenu huenda ni mmoja wao. Msimuulize siku ya kwanza. Msaidieni kuosha vyombo kwanza.

Kwenye tramu mtaona watu wamekaa kimya, hawasalimiani. Msilichukue kama chuki. Chuki ipo, sitawaficha, na mkikutana nayo mwambieni mwalimu wenu siku hiyohiyo, wala asitembee mtu peke yake usiku katika mtaa alioonywa. Ila kimya cha tramu ni kitu kingine.

Mpate nafasi ya kwenda Berlin, muingie makumbusho ya viumbe. Mimi nilipelekwa na rafiki yangu 1976. Mtakuta mifupa ya dinosaria mwenye kimo cha mita 13. Ametoka Tendaguru, hapahapa Lindi. Alichimbwa kati ya 1909 na 1913, na zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilisafirishwa, zikibebwa vichwani na mabegani na watu wa kwetu hadi bandarini, miaka michache tu baada ya njaa niliyoisimulia. Simameni chini yake, muwaeleze wenyeji wenu habari ya wabebaji. Si lazima mpaze sauti. Rais wa Ujerumani mwenyewe, Steinmeier, aliomba msamaha Songea tarehe 1 Novemba 2023 kwa yale Wajerumani waliyowatendea watu wetu wakati wa Maji Maji. Mkizungumza mambo haya mezani hamtakuwa mmemkosea mtu adabu.

Liko na la visa. Mjerumani anayekuja kwetu kutembea hujaza fomu mtandaoni, hulipa dola 50, akaruhusiwa siku 90. Nyinyi mmesubiri miadi, mmepeleka barua za chuo na za udhamini, mmeeleza mara tatu kwamba mtarudi. Vijana wenzenu wa huko wengi hawalijui hili kabisa. Waambieni jinsi lilivyo, bila kuwalaumu wao. Ukilificha kwa aibu, mtakaa mnaitana marafiki huku mmoja anabeba kitu mwenzake hakioni.

Kwa nyinyi mtakaowapokea mwezi wa pili nina moja tu la kuwaomba. Msiwaweke wageni sebuleni na soda mkawawashia televisheni. Waleteni jikoni wakune nazi, wachambue mchele, wakosee, wacheke na shangazi zenu. Kiswahili cha darasani wanacho. Wanajua hata kwamba "shule" na "hela" zimetoka kwao. Hawajui namna mtu anavyoulizwa habari za asubuhi na akajibu "nzuri" huku ana msiba, kisha msiba ukatajwa baada ya nzuri ya tatu. Hilo hulisikia aliyekaa barazani, na mkimtafsiria kila neno kwa Kiingereza hatalisikia kamwe.

Sasa, kabla ya mwezi wa tisa mna likizo ya wiki sita. Nendeni nyumbani. Kama bibi yupo, kaeni naye. Kama hayupo, yuko dada yake au jirani aliyekua naye. Muulizeni alikula nini mwaka wa njaa, aliolewaje, alimwogopa nani. Msimrekodi kwa simu siku ya kwanza, atawaambia yale anayodhani mnayataka. Andikeni kwa mkono usiku, akishalala, na karatasi hizo mzitie kwenye begi la mkononi. Wale wawili wa Liwale wapite kwangu Lindi wakiwa njiani, nauli ya kutoka hapa nitawachangia, na nina salamu za kuwapa wampelekee shangazi yangu, ambaye ana miaka tisini na tatu na bado anapajua palipokuwa na vihenge.

Ni mimi mzee wenu,
bwana shamba mstaafu, Lindi