Barua ya wazi kwa mwana wa ami aliye Maskati, kuhusu dari ya nyumba ya bibi

Kaka yangu, assalamu alaykum.

Nimeusoma ujumbe uliowatumia jamaa wote, unaosema kwamba Lamu iliishi kwa kuuza miti, kwamba biashara ile ikafa, na kwamba nyumba ya bibi haina thamani isipokuwa kiwanja chake kinachotazama bahari. Ungeniandikia mimi peke yangu, ningekujibu faraghani. Uliyasema mbele za watu, basi nami nakujibu mbele za watu, na heri wasome pia hao wanunuzi wako.

Kweli, tuliuza miti. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko huku kwetu, katika vijito vinavyoingia bara kuanzia nyuma ya Manda, kupitia Dodori, hadi pande za Kiunga karibu na mpaka wa Somalia. Kwa kuwa kisiwa cha Manda kinaukinga mji dhidi ya mawimbi, majahazi ya Ghuba yaliyokuja na kaskazi yakiwa na tende na mazulia yalitia nanga hapa mbele ya mji, yakangojea kusi iyarudishe yamejaa boriti za kuezekea nyumba za Basra, Kuwait, Bahrain na huko huko uliko. Ukiingia katika jengo la kale la Oman, inua macho uitazame dari kabla hujatucheka.

Wala haikuwa biashara ya kukaa barazani, na wewe wajua, kwa kuwa babu alikuchukua msituni ilhali mimi nilikatazwa. Wakataji waliingia na bamvua, maana maji makubwa ndiyo yanayofikisha chombo ndani ya vijito. Wakakata maji yalipokupwa, matope magotini, wakaichagua miti kwa unene wake, fito, pau, mazio, boriti, nguzo na banaa, wakaihesabu kwa korja ya miti 20. Serikali ilipopiga marufuku kuiuza nje mwaka 1982, Ghuba ilikuwa imekwisha kupata fedha za mafuta na kujengea chuma na saruji. Mji haukufa. Miti iliendelea kwenda Mombasa na Malindi, mpaka Februari 2018 ukataji uliposimamishwa katika misitu ya umma, na wakataji wa mikoko wakajumuishwa na wapasuaji mbao wa bara kana kwamba kazi yao ni moja. Siku hizo hukuwapo kuona wanaume wazima wakikaa tu ufuoni.

Lakini hata hayo ningekuachia. Nisiloweza kukuachia ni siku ya hitima ya bibi, sisi wanawake tumekaa ndani na juzuu mikononi, nawe ukapiga hodi bila kungoja jibu, ukaingia na mwanamume mgeni mwenye futi ya kupimia. Mkapima chumba kutoka ukuta hadi ukuta juu ya vichwa vyetu, ukasema kwa sauti, “Hata mita 3 hakifiki, hiki ni chumba au ujia?” Shangazi alifunga juzuu yake na hakuifungua tena siku ile. Kaka, chumba ni chembamba kwa sababu boriti ikizidi urefu ule haistahimili uzito wa mawe na chokaa. Kila chumba cha Mji Mkongwe kilipimwa na mkoko. Ungeniuliza ningekwambia, tena kwa upole.

Nakushauri usiuze kwa pupa. Tangu gati la kwanza la bandari mpya lifunguliwe Mei 2021, madalali hawatoki vichochoroni, na hakuna hata mmoja anayekwambia kwamba mji huu uko katika Urithi wa Dunia tangu 2001, na kwamba huwezi kung'oa dari na kumwaga zege upendavyo. Unawaambia jamaa kwamba nimekataa kutia saini kwa sababu naitaka nyumba iwe yangu. Ni nani aliyempandisha bibi ngazi alipokuwa hawezi? Ni nani aliyekinga ndoo kila masika dari ilipovuja? Sikuolewa Mombasa nilipotakwa, na sababu waijua. Fedha zako zilifika kila mwezi, Mungu akulipe, sitaki mtu aseme hukumtunza. Tena ni wewe uliyenifundisha kuogelea pale wanapopakua boriti, ukinishika kidevu nisinywe maji. Kwa hiyo sielewi ni nani aliyeingia na futi.

Boriti tatu za chumba cha ndani zimeoza. Fundi amekwisha kuzitazama, anataka boriti mpya na chokaa, nami nimekwisha kuagiza. Hesabu yake nimekutumia kwa simu. Kwa sheria ya mirathi fungu lako ni kubwa kuliko langu, basi na gharama nimezigawanya vivyo hivyo.